Nyumba ya Kudaka

Mara ya kwanza jina lile lilipoitwa langoni, mbwa hakubweka. Basi, hilo tu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limekaa utosini, sisi majirani tumejifungia ndani na feni zetu, na mbwa wa Nulfo, ambaye hubwekea hata mfuko wa plastiki ukipita barabarani, alijikunyata chini ya karo la kufulia, mkia kaufyata. Sauti ikasema, "Belarmino." Sauti ya kiume, ya upole, ya mtu asiye na haraka na chochote.

Nulfo, ambaye hakuwa Belarmino wala hakuwa na ndugu wa jina hilo, alifuta midomo, akanyanyuka mezani, akaitika kwa sauti ya mwenye mali, "Ndiye mimi! Nakuja!"

Langoni hakukuta mtu. Barabara ya mtaa wetu imenyooka, ukisimama langoni kwako unaona mpaka kibanda cha mlinzi, na mpaka kibanda cha mlinzi hakukuwa na kitu ila mvuke wa lami. Kulikuwa na harufu tu, harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi, na sisi hatukuwa tumeona mvua tangu Januari. Nulfo akatema mate, akarudi kwenye samaki wake.

"Nani?" mkewe Rowena akauliza.

"Wahuni."

"Wamesema 'tao po'?"

"Hebu kula, mwanamke."

Rowena hakula. Kwetu Ufilipino mgeni akifika langoni, awe msoma mita ya maji au shangazi yako wa damu, hupaza sauti: "Tao po!" Maana yake, mimi ni mtu, tafadhali. Vijana wanadhani ni kubisha hodi tu. Wazee wanajua kwa nini maneno hayo yalianza: wapo wanaofika langoni wasioweza kuyatamka. Nyie mnawaita majini. Sisi tunawaita wasio kama sisi, tena kwa sauti ya chini.

"Hakusema," Rowena alinong'ona. "Nimesikia jina peke yake."

"Basi hana adabu. Nipe wali."

Sasa utauliza, mtu mzima mwenye jina lake ataitikaje jina la mwenzake? Jibu ni ubahili, na ubahili wa Nulfo ulikuwa wa kusomea. Jina lake kamili lilikuwa Arnulfo Dimaculangan, na Dimaculangan maana yake ni Asiyepunguzika. Alipenda kulifafanua jina hilo kwa watu ambao hawakumuuliza. Alikuwa amefua mashuka kwenye meli za watalii miaka tisa, akarudi na kitambi, mkufu wa dhahabu, na maoni juu ya kila kitu. Akituona tunapanga foleni kwenye mfuko wa nyumba wa serikali kuomba mikopo, alicheka mpaka mkufu ukaruka.

"Foleni ni ya wajinga," alisema. "Mwenye akili anadaka."

Kudaka ndiyo kauli yenyewe. Njia hiyo tunaiita pasalo: mwenzako anarusha, wewe unadaka. Mtu kachukua mkopo wa nyumba, kalipa miaka kadhaa, pumzi imemwishia. Unampa fedha kidogo mkononi, yeye anahama, wewe unahamia na kuendelea kuulipa mkopo wake mpaka uishe. Iko njia ya haki, ya kwenda naye mfukoni, ukakaguliwa, ukalipa ada, jina likabadilishwa. Na iko njia ya akina Nulfo: mnaandikiana karatasi kwa wakili wa sokoni, mnapeana mkono, na mfuko hauambiwi neno. Mkopo unabaki kwa jina la mwuzaji. Stakabadhi kwa jina lake, umeme kwa jina lake, na wewe humo ndani unaishi kama mwizi aliyepewa ufunguo. Tuseme ukweli, nusu ya mtaa wetu tumeingia hivyo hivyo. Lakini sisi tunaona haya kidogo. Nulfo alijisifu.

Dalali wake alikuwa Ate Pacing, yaani Dada Pacing, mama mmoja mwenye wanja mwingi anayeuza nyumba, bima, na sabuni ya kung'arisha uso, vyote kwenye mkoba mmoja. Ndiye aliyemfunda.

"Kuya Nulfo, kaka, sikiliza. Wakaguzi wa mfuko wanapita mara moja moja. Wakimuulizia Belarmino Tungpalan, Belarmino ni wewe. Usianze kung'ata ulimi."

"Mimi? Na kichwa hiki?"

"Kichwa wanacho wote, kaka yangu. Zoea jina. Mkeo akuite hivyo mezani, akuite bafuni. Kitambulisho nitakutengenezea, picha yako, jina lake. Peso mia tano."

"Mia tatu."

"Mia tatu na hamsini, na usinichoshe."

Huyo Belarmino mwenyewe Nulfo alimwona mara moja tu, kwa wakili. Mtu mwembamba, macho mekundu, mikono inatetemeka mpaka kalamu ikamponyoka. Alikuwa anataka laki nne mkononi. Nulfo akamshusha hadi laki na nusu, na mtu yule hakubisha hata kidogo, hakuapa, hakuwataja watoto. Aliuliza jambo moja.

"Utaitika jina langu?"

"Si ndiyo makubaliano?"

"Nakuuliza. Ukiitwa, utaitika?"

"Nitaitika hata usingizini, mzee. Weka sahihi."

Belarmino akaweka sahihi, akachukua bahasha, akatoka bila kuhesabu. Kisa hicho Nulfo alikirudia kwenye kila kilabu cha mtaani, akipiga meza: "Hakuhesabu! Mjinga hakuhesabu!" Hakukaa hata siku moja akajiuliza ni mtu wa namna gani asiyehesabu. Mtu anayekimbia hahesabu.

Walihamia bila kumwita padri abariki nyumba, maana padri angekuja na wageni, na wageni wangekula. Rowena alitangulia kuingiza mchele na chumvi, peke yake, kwa kujificha, ili angalau pawe na adabu kidogo. Wiki tatu baadaye ndipo jina likaitwa langoni, na bwana mkubwa akaitika.

Baada ya siku ile nyumba ilianza kuwa na mchezo wake wa adhuhuri. Saa sita ikigonga, harufu ya udongo ilikuja, na haikuja kutoka nje, ilikuja kutoka jikoni. Jiko lile Belarmino alilijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, na sisi tuliokuwepo tulimwona akisawazisha kichuguu kilichokuwa pale, kichuguu cha zamani kuliko mtaa, ambacho hata makatapila ya kampuni ya ujenzi yalikizunguka kwa sababu madereva waligoma. Yeye alikipiga sururu Ijumaa moja, saa sita mchana, bila shati, bila kuomba radhi. Tulimwambia. Akatuita washamba. Miezi miwili baadaye alikuwa anauza nyumba kwa bei ya pikipiki.

Je, tulimwambia Nulfo? Hatukumwambia. Tunaomba radhi, lakini hakuna aliyempenda, na kila mtu alisubiri mwenzake aseme.

Rowena akifunua sufuria ya wali alikuta chembe za udongo juu, zimepangwa vizuri, kama mtu aliyenyunyiza ufuta. Akifagia, ulirudi. Siku moja alikuta nyayo kwenye vigae, ndogo, pana, zenye unyevu, zinatoka kwenye ukuta wa jikoni, zinapita sebuleni, zinaingia chumbani, zinaishia upande wa kitanda anakolala mumewe. Za kurudi hazikuwepo. Akapiga deki mara tatu, akapiga ishara ya msalaba, akamwambia.

"Panya," Nulfo alisema.

"Panya gani ana vidole vitano?"

"Panya wa huku kwetu Cavite."

Mara ya pili ilikuwa Jumanne, na hiyo Rowena aliiona kwa macho yake. Nulfo alikuwa amelala usingizi wa mchana, chali, kitambi juu, mdomo wazi, na yeye ameketi pembeni anakunja nguo, pazia limefungwa lakini jua linapenya na kuchora mstari mweupe sakafuni, feni inazunguka, kwa jirani redio inaimba, kila kitu ni cha kawaida kabisa, ndipo feni ikazunguka bila kutoa upepo, redio ikawa inasikika mbali kana kwamba mtu ameifunika na bakuli, harufu ya udongo ikaja nzito mpaka akaihisi kwenye meno, na kutoka jikoni, si langoni tena, kutoka ndani ya jiko lake mwenyewe alimoacha sufuria motoni, ile sauti ya upole ikasema, "Belarmino." Akataka kumziba mumewe mdomo. Mkono wake haukunyanyuka. Macho ya Nulfo yalikuwa yamefumba, anakoroma, na katikati ya mkoromo, bila kuamka, midomo yake ikasogea ikasema kwa sauti iliyokuwa nyembamba, ya kutetemeka, isiyokuwa yake:

"Ndiye mimi."

Kisha feni ikaleta upepo. Redio ikarudi. Rowena akakuta amelirarua shati alilokuwa analikunja.

Kesho yake sote tulishuhudia jambo la tatu. Nulfo alikuwa anaosha pikipiki mbele ya lango. Rowena akamwita kutoka dirishani: "Nulfo!" Kimya. "Nulfo! Nulfo, wewe!" Anasugua rimu, anapiga mluzi. "Arnulfo Dimaculangan!" Hata bega halikutikisika. Alimwita mpaka sauti ikakauka, na sisi tukaanza kuchungulia. Mwishowe, kwa sauti ndogo, akalitamka lile jingine.

"Belarmino."

Akageuka pale pale. "Unasemaje?"

Rowena alifunga dirisha, akayameza machozi, akajifunga kanga, akatoka kumtafuta mganga.

Mganga wetu anaitwa Mang Pulon, yaani Mzee Pulon, na usitegemee ndevu nyeupe. Ni fundi wa kuziba pancha karibu na kituo cha mafuta, mikono myeusi ya grisi, mdomo mchafu. Alikuja na mshumaa na beseni, lile lile analotafutia tundu la tairi. Akayeyusha nta, akaidondosha majini, akaitazama ilivyoganda: kichuguu, kina mdomo. Akasonya.

"Ameitika mara ngapi?"

"Mbili," Rowena alisema.

"Jina la nani?"

"La aliyetuuzia."

Mang Pulon akamtazama Nulfo kuanzia mkufu hadi kandambili. "Yaani umedaka nyumba, ukadaka na kifo. Hongera. Nusu bei, sivyo?"

"Mzee, lugha yako," Nulfo akasema.

"Lugha yangu nini? Huyo aliyevunjiwa nyumba yake humo jikoni hajui sura. Nyinyi wote mnafanana machoni pake, kama ninavyoona kuku mimi. Anajua mlango na jina. Alikuja kumchukua Belarmino kwenye mlango huu. Anaita, anaitikiwa. Akiitikiwa mara ya tatu, anachukua chake, anaondoka. Yule mwenzako alijua. Alikaa humu wiki ngapi ameziba masikio na pamba? Kisha akakupata wewe."

Nulfo aliushika mkufu wake. Jasho lilimshuka. Kwa mara ya kwanza tulimwona akiogopa, na nasema tulimwona kwa sababu dirisha la jikoni lilikuwa wazi na ukuta wetu ni mfupi.

"Dawa yake?"

"Rahisi. Ijumaa saa sita, siku aliyovunjiwa. Unasimama langoni, lango wazi, majirani wanasikia. Unasema kwa sauti: mimi ni Arnulfo Dimaculangan, mwana wa mama fulani, sijawahi kuwa Belarmino. Unakichana hicho kitambulisho. Ukishalirudisha jina la watu, hakuna mtu wa jina hilo humu, naye hatakuwa na wa kumwita. Atamfuata mwenyewe huko aliko."

"Mbele ya majirani?"

"Mbele ya majirani."

"Wambea hawa? Jumatatu mfuko utakuwa umeshajua! Watanitoa! Laki na nusu yangu, na vigae nimebadilisha!"

"Nulfo," Rowena alisema, "ni uhai wako."

"Haiwezekani nikasema polepole? Au nikasema jikoni, mlango umefungwa? Nikaongeza kuku mweusi?"

Mang Pulon akamwaga maji ya beseni mlangoni, akakung'uta nta. "Nimetibu miaka thelathini," alisema. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza kama ipo njia ya bei nafuu ya kutokufa."

Siku mbili mke na mume waligombana. Rowena alilia, alipiga magoti, alimwambia watarudi kupanga chumba Batangas, karibu na mama yake, watauza mkufu, wataanza upya. Alimpenda, ndilo jambo la ajabu. Alimpenda bahili yule mwenye kitambi, aliyekuwa akimtumia kadi yenye picha ya meli kila mwezi kwa miaka tisa, na alimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, nasi tulisikia tukaona aibu. Ijumaa asubuhi Nulfo akakubali, akinung'unika, mtu aliyedhulumiwa na dunia nzima.

Basi saa sita ilipokaribia, Mang Pulon alikuwa amesimama kando ya lango na mshumaa, Rowena nyuma yake na rozari, Nulfo katikati ya uwazi wa lango na kitambulisho mkononi, na sisi nyuma ya mapazia yetu, hakuna aliyewasha redio, mbwa hajulikani aliko. Joto lilikuwa la kuivisha yai. Harufu ikaja. Ilikuja ikitambaa kutoka jikoni, ikavuka sebule, na safari hii hata sisi wa ng'ambo ya barabara tuliipata puani, udongo mbichi, mizizi iliyokatwa, na ubaridi ndani yake ambao hauna kazi katikati ya mchana wa Aprili. Na mwali wa mshumaa ukalala upande, ukielekea ndani ya nyumba, ingawa hapakuwa na upepo. Na Nulfo akafungua mdomo, akavuta pumzi, akasema, "Mimi ni Ar—"

Pikipiki ikasimama mbele yake.

"Tao po!" alisema msichana aliyeshuka, akivua kofia ya chuma. Mtu kabisa, mwenye jasho na nembo ya mfuko wa nyumba kifuani, ubao wa karatasi mkononi. "Samahani kwa usumbufu, nimetoka mfuko wa nyumba. Tunahakiki wakopaji. Namtafuta Belarmino Tungpalan."

Na papo hapo kutoka jikoni, kwa upole ule ule, bila haraka yoyote: "Belarmino."

Msichana hakusikia, hilo lilikuwa wazi, alikuwa anatafuta kalamu. Sisi wengine tulisikia sote. Nulfo alisikia zaidi ya sote, maana nywele za kisogoni zilimsimama, akamtazama msichana mbele yake, akaitazama nyumba nyuma yake, lango alilolipaka rangi ya kijani kwa mkono wake, vigae vipya, kiyoyozi alichokinunua lakini hakiwashi, na tuliona, wallahi tuliona, akipiga hesabu, midomo ikichezacheza, mtu anayepima uhai wake na laki na nusu na kukuta mizani inayumba, na Rowena akapiga kelele, "Sema jina lako! Nulfo, sema jina lako!" na Nulfo hakugeuka, kwa sababu kwa jina hilo alikuwa hageuki tena, au kwa sababu alikuwa ameshaamua, mpaka leo tunabishana, akanyoosha mkono, akampa msichana kitambulisho, akatabasamu lile tabasamu lake la mtu anayepunguziwa bei.

"Ndiye mimi," alisema.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Msichana akalinganisha picha na uso, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake, akashukuru. Mang Pulon akauzima mshumaa kwa vidole, akavaa kofia yake, akaondoka bila kudai hata nauli. Nulfo akageuka akamkonyeza mkewe, kana kwamba amewapiga chenga wawili kwa mpira mmoja, akaingia ndani kwa mwendo wa kujishaua, akaketi mezani.

"Niletee maji," alisema.

Rowena alipofika na glasi, alimkuta ameketi wima, macho wazi, mkufu umenyooka vizuri kifuani, na mdomo wake umejaa udongo hadi kwenye meno, udongo mbichi, umeshindiliwa. Jikoni kigae kimoja kilikuwa kimepasuka katikati. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Haijarudi kwenye nyumba ile tena, na haikuwa na sababu ya kurudi.

Walio hai ndio walioendeleza uchafu. Polisi walipofika walimkuta msichana wa mfuko bado yupo kwa jirani, anahakiki. Akawaambia kwa nia njema, "Huyu ni Belarmino Tungpalan, nimetoka kuzungumza naye sasa hivi." Kitambulisho kilisema hivyo. Bili za umeme zilisema hivyo. Karani wa polisi akaandika. Rowena akafungua mdomo amsahihishe, na hapo Ate Pacing, aliyefika mbio na wanja umemchuruzika, akamvuta kando.

"Nyamaza, mdogo wangu. Nyamaza unisikilize. Kila mkopo wa mfuko una bima ndani yake. Mkopaji akifa, deni linafutwa. Akifa Belarmino, nyumba imelipwa yote, leo hii. Akifa Nulfo, huna kitu, unatoka na sufuria zako. Nani amekufa?"

Rowena alimtazama mumewe aliyefunikwa shuka.  Akalivuta shuka limfunike na miguu.

"Nani amekufa?" Ate Pacing akarudia.

"Belarmino," Rowena alisema.

Siku tisa tukamwombea novena. "Umrehemu mtumishi wako Belarmino," alisoma kiongozi wa sala, na sisi sote tuliojua tukaitika amina, tukala biskuti za mjane, tukainamisha vichwa. Kaburi likaandikwa Belarmino Tungpalan. Sijisifu kwa amina yangu.

Siku arobaini zilipotimia barua ikaja: deni limefutwa, hati ya nyumba itakabidhiwa warithi wa marehemu. Rowena alikuwa bado anaishika barua mkononi pale gari la kukodi liliposimama langoni. Akashuka Gliceria Tungpalan, mke wa ndoa wa Belarmino, gauni la maua, cheti cha ndoa kwenye bahasha ya plastiki. Kwenye kiti cha mbele alibaki mwanamume aliyeshusha kofia usoni, anatafuna karanga. Tulimtambua, tukamnong'oneza Rowena: Belarmino, amenenepa. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Yule ni mumeo!" Rowena alipiga kelele. "Yule pale! Yuko hai!"

"Mume wangu mmemzika nyinyi, dada," Gliceria alijibu, taratibu, bila hasira. "Mna cheti. Ulitia sahihi mwenyewe. Nakupa hadi Jumapili."

Rowena akatoka na sufuria zake. Kwenye daftari za serikali Arnulfo Dimaculangan yu hai, hana kaburi, na Rowena si mjane. Amepanga chumba mjini Dasmariñas, juu ya duka la kufulia nguo, na amenisimulia yeye mwenyewe yaliyobaki, akinikazia macho nisicheke.

Ilikuwa alasiri, mvua za kwanza za Juni. Alikuwa anapiga pasi za watu. Akasikia hatua kwenye ngazi, nzito, za mtu mwenye kitambi, zikipumzika kila daraja la nne kama alivyozoea. Hatua zikasimama mlangoni. Mwenye hatua akakohoa. Kikohozi kilikuwa chake, kile alichokipata kwenye mvuke wa mabomba ya melini, Rowena angekitambua kati ya vikohozi elfu, na moyo wake, badala ya kuogopa, uliruka kwa furaha, mpaka akaiacha pasi juu ya shati la mtu likaungua.

"Rowena," sauti ilisema, sauti ya mumewe. "Nifungulie. Nimezunguka sana. Kila mlango wananifukuza."

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Hapo akayakumbuka maneno ya Mang Pulon juu ya mlango na jina, akajizuia.

"Wewe nani? Sema jina lako nifungue."

 Nje ikaja sauti ya mtu anayetafuta kitu mdomoni, ulimi unagonga meno, herufi ya kwanza inakuja na kukwama, inakuja na kukwama, muda mrefu, kwa bidii ya kusikitisha.

"Belarmino," alisema mwishowe, na alikuwa analia.

Rowena alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mlango. Akaanza kumtajia. "Arnulfo," alisema. "Wewe ni Arnulfo Dimaculangan. Nulfo. Mume wangu." Alimtajia mpaka mvua ikakatika, akilia, akipiga ubao kwa ngumi, na kila alipolitaja, kutoka upande wa pili alijibiwa kwa adabu, samahani dada, mtu wa jina hilo hayupo hapa.